Marehemu Hakuwa Mpole

4 Machi

Dada wa Hamira,

Salamu kwako na kwa Mama.

Nimeambatanisha sura tisa za kitabu changu kuhusu kifo cha kaka yako. Hukuniomba, lakini tangu nianze kuandika habari za mahakama sijawahi kumwacha ndugu wa aliyeuawa asome baada ya wageni. Penye kosa, weka alama. Kalamu nyekundu naipenda kuliko matusi, ingawa nimezoea vyote viwili.

Jambo la pili ni zito zaidi. Rufaa ya mwisho ya dereva wenu, aliyehukumiwa kwa kumuua, imekataliwa. Kilichobaki kati yake na kamba ni Kamati ya Rehema, nayo itakaa mwezi wa tano. Kamati husikiliza jamaa wa marehemu. Ukisema ungependa aachiwe roho, neno lako litakuwa na uzito zaidi kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika.

Siku ya hukumu, kwenye ngazi za mahakama, nilikusikia ukisema, "Tumemwachia Mungu." Katika sura ya tisa nimeandika kwamba umemsamehe. Naomba uthibitishe.

La mwisho, nikuambie mwenyewe usije ukalisikia kwingine: mchapishaji anataka tusubiri. Anasema kitabu kinachoishia kitanzini hujiuza chenyewe.

Wako,
Mwandishi


15 Machi

Mzee Mwandishi,

Salamu zimefika. Mama hajambo, ni magoti tu.

Nimesoma. Nilikuwa nasoma huku nangoja unga uumuke, kwa hiyo nisamehe kwa alama za vidole.

"Tumemwachia Mungu" si msamaha, baba. Ni maneno ya kumwondoa mtu mwenye kinasa sauti mbele ya uso wako. Futa.

Sasa nikuulize. Huyu dereva nimemjua vizuri kitabuni mwako. Najua mbwa wa jirani aliyemwogopa utotoni. Najua mke wake alivyomkimbia akamwachia sufuria moja, tena isiyo na mfuniko. Ukurasa ule anaolia, na mimi nilijifuta macho kwa mkono wenye unga, nikajilaani. Mtu huyuhuyu alimpiga kaka yangu kwa beleshi la tanuri, ndani ya kiwanda chetu wenyewe cha mikate, mpaka mpini ukavunjika.

Kaka yangu je? Nimemtafuta kurasa zote. Nimekuta mstari mmoja: "Alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, asiye na ugomvi na yeyote." Baada ya hapo ni maiti sakafuni, na unga umemwagika. Huyo mpole ni nani? Kwetu hajawahi kukanyaga.

Watu wawili umewaweka mbele ya msomaji. Mmoja ana uso, mwingine hana. Unadhani atamlilia nani?

Kuhusu Kamati, Mama anataka anyongwe na anawaambia hivyo hata wateja. Mimi sijasema kitu.

Dada wa Hamira


22 Machi

Dada wa Hamira,

Neno "amesamehe" nimelifuta. Lilikuwa langu, si lako.

Kwa lile la pili nitajitetea kidogo. Nilihoji wafanyakazi wenu wote, majirani wa mbele na wa nyuma, na wenye maduka waliokuwa wakipokea mikate. Wote walisema mpole. Wa kwanza kulitamka ulikuwa wewe, mlangoni, umeshika chekeche, na ulilisema bila kunitazama.

Marehemu hasemwi vibaya. Nalijua, nami nimelelewa hivyo. Lakini angalia adabu hiyo inavyofanya kazi ndani ya kitabu. Muuaji anasemwa lolote, baya na zuri, kwa hiyo anapata mwili na kivuli. Aliyeuawa anasemwa jema moja, kila mtu analirudia, mpaka anabaki kama picha ya kalenda. Nimesoma vitabu vingi vya namna hii na nimeandika viwili. Vyote vina ugonjwa huohuo.

Siwezi kumtengeneza mtu kutokana na adabu za watu. Niambie alikuwaje, pamoja na yale yasiyosemwa msibani.

Mwandishi


2 Aprili

Mzee Mwandishi,

Haya. Umeyataka mwenyewe.

Tuanze na jina. Hawakumwita Hamira kwa sababu ya kazi. Walimwita hivyo kwa sababu ukimsifu kidogo tu, anafura. Mwambie "mikate ya leo imetoka vizuri," kesho yake utamkuta anawafundisha majirani kulea watoto, na yeye mtoto hana.

Alikuwa mwongo wa karata. Turufu alizificha kwenye soksi, na soksi zenyewe zilivyokuwa zikinuka, hakuna aliyethubutu kumpekua.

Aliimba vibaya na kwa nguvu, nyimbo zisizoisha, maana maneno hakuyajua, akawa anarudia pale anapopajua. Mama alimpa chumba chenye dirisha, yeye akalala kwenye korido. Ukimwuliza, anasema korido ina upepo. Haina.

Mimi nimekanda naye unga tangu baba alipofariki, na hajawahi kuniambia ahsante. Alikuwa akiinua mkate, anaugonga chini kwa vidole, anausikiliza kama daktari, halafu anasema, "Haujaungua." Hiyo ndiyo medali. Kuna wafanyakazi walikaa miaka bila kuipata.

Kila mtu alimbandika jina. Mimi alikuwa akiniita Meneja. Dereva alikuwa Bwana Barabara. Mama alikuwa Mahakama ya Rufaa, kwa sababu neno la Mama likishatoka huna pa kwenda.

Alikuwa na ulimi wa kisu. Wafanyakazi walimcheka na kumwogopa ndani ya saa moja. Kuna jingine, lakini Mama yuko chumba cha pili, ukuta wetu ni mwembamba, na mimi huandika nikitamka.

Dada wa Hamira


14 Aprili

Dada wa Hamira,

Sasa nina mtu. Nakushukuru.

Juzi nilimtembelea dereva gerezani. Tuliongea kupitia wavu wa waya, askari akipiga miayo kwenye benchi. Nilimsomea ulichoniandikia. Aliposikia "Bwana Barabara" alicheka. Ni mara ya kwanza kuona meno yake. Nilipofika kwenye ulimi wa kisu, kicheko kikakatika. Akaniuliza, "Amesema na lingine?" Nikamjibu bado. Akamwita askari mwenyewe, akarudi ndani. Mfungwa anayekatisha ziara kwa hiari yake si jambo la kawaida.

Mahakama iliamua kwamba aliua ili aibe mauzo ya siku. Yeye alikubali bila kubisha. Mimi sijawahi kuridhika. Droo ilivunjwa, ni kweli, lakini pesa zilikutwa chini ya kiti cha gari zikiwa kama zilivyotoka, na alikuwa na nafasi ya kukimbia nazo. Kama kuna sababu nyingine, Kamati itataka kuisikia. Kuua kwa ajili ya wizi ndiko kulikomfungia milango yote.

Kabla hujanijibu, ujue ninaposimama. Mimi kamba siitaki, kwa yeyote. Nimeshuhudia kunyongwa mara moja, kikazi. Kilichonikaa hakikuwa kilio, kwa kuwa hakuna aliyelia. Kilichonikaa ni kwamba kila mtu chumbani mle alikuwa akifanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo katika hili mimi si mtu wa katikati. Usinieleze kwa sababu nimekubembeleza. Nieleze ukitaka kaka yako awemo kitabuni mzima mzima. Vinginevyo nyamaza, na nitakuheshimu.

Mwandishi


25 Aprili

Mzee Mwandishi,

Mama amekwenda kliniki ya magoti, kwa hiyo naandika.

Siku moja kabla ya mauaji, dereva alichelewa. Si mara ya kwanza. Mikate ilifika madukani watu wameshakunywa chai, na jioni karibu gari zima likarudi. Hamira alikuwa akiichukia mikate inayorudi kuliko alivyowachukia wadeni. Alitoka mlangoni, akawaita wafanyakazi wote wakae mstari, akawaambia, "Mpigieni makofi bwana harusi, kachelewa harusi yake mwenyewe." Wakapiga. Kisha akatoa mkate wa juzi kwenye gunia la makombo, mgumu kama tofali, akamkalisha dereva juu ya kreti. "Kula ulichokiua, Bwana Barabara."

Akala. Mkate wote, mpaka mwisho, bila maji. Kila akimeza, Hamira anahesabu kwa sauti, na watu wanaitikia. Mimi nilikuwepo, nikacheka. Ilichekesha, sitakuongopea. Dereva alipomaliza alisimama, akajikung'uta makombo, akasema "Ahsante, bosi," akaondoka. Hapo hakuna aliyecheka.

Alfajiri yake akaja. Droo aliivunja baadaye ili ionekane wizi. Naamini hivyo, na nadhani na wewe sasa unaamini. Alikubali kuitwa mwizi ili asiitwe yule aliyekula mkate.

Utaniuliza kwa nini hatukusema kortini. Hakuna aliyetuagiza tufiche. Tuliulizwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani, tukajibu mpole. Ukishasema mpole, mkate huo huwezi tena kuusimulia. Mpole hamlishi mwenzake makombo mbele ya watu.

Lakini nisikilize. Mkate mkavu si sababu ya kuua mtu. Yule alikwenda kwake, akalala, akaamka, akavaa viatu, akafunga kamba za viatu. Kila hatua alikuwa na nafasi ya kurudi.

Nimemwambia Mama kwamba nitayasema mbele ya Kamati. Akaniuliza, "Unamshitaki kaka yako na yuko kaburini?"

Nikamwambia, "Mama, kortini ameshapelekwa. Ila waliyempeleka hakuwa yeye."

"Na yule muuaji akipona kwa mdomo wako?"

"Atapona kwa ukweli. Mdomo wangu ni gari tu."

"Gari!" akasema. "Basi ana bahati. Alipoteza gari la mikate, sasa kakupata wewe."

Tangu jana hanisemeshi. Chai ananipa, lakini anaiweka mezani kama anamwekea mpangaji.

Nitakwenda. Na sababu ya kuikataa kamba nakupa mwenyewe, usije ukaniwekea tena ya kwako. Si huruma. Akinyongwa, ukurasa wa mwisho ni wake. Watu watafunga kitabu wakiwaza alikula nini asubuhi ile, alisema nini, miguu ilimtetemeka au haikutetemeka. Mchapishaji wako anajua hilo ndiyo maana anasubiri. Kaka yangu ameshampa uhai wake. Na ukurasa wa mwisho nao ampe? Simpi.

Dada wa Hamira


3 Mei

Dada wa Hamira,

Nimezungumza na wafanyakazi watatu, kila mmoja peke yake. Simulizi zao zinalingana na yako. Mmoja aliniambia, "Mzee, nilikuwa nangoja mtu mwingine aanze."

Dereva nilimweleza utakachokisema. Ilikuwa haki yake ajue kabla. Jibu lake nakufikishia kama lilivyo: "Mwambie asiseme. Afadhali kamba kuliko mama yangu asikie nililishwa makombo nikahesabiwa."

Mchapishaji naye nimempa habari. Anasema kisa cha mkate kinaharibu kila kitu, kwamba msomaji hatajua amchukie nani. Nimemjibu kwamba msomaji amelipa, achague mwenyewe.

Sasa una watu watatu wanaotaka unyamaze: mama yako, mchapishaji, na mtu mwenyewe ambaye shingo ni yake. Nauliza mara moja tu. Uko palepale?

Mwandishi


7 Mei

Mzee Mwandishi,

Niko palepale. Kuona aibu ni kazi ya mtu aliye hai. Aifanye.

Dada wa Hamira


20 Mei

Mzee Mwandishi,

Ulisema hawaruhusu waandishi ndani, kwa hiyo mimi ndiye macho yako.

Chumba kina meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna anayezifungua, na feni inayopeperusha karatasi za mtu mmoja tu, yeye akizikandamiza kwa miwani. Nilisimulia mkate kuanzia makofi hadi "Ahsante, bosi." Mama mmoja wa Kamati aliacha kuandika akanitazama tu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa kifupi, dada yangu, umemsamehe au hujamsamehe?"

Nikasema, "Sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe. Na sitaki mumnyonge."

"Sasa tuandike lipi?"

"Yote mawili, mzee."

"Hapa pana nafasi ya jibu moja."

"Basi ongezeni nafasi. Meza ni ndefu."

Yule wa miwani akakohoa, nadhani alikuwa anacheka. Mwenyekiti akaniuliza kama naelewa kwamba nimemchafua marehemu kaka yangu mbele ya serikali. Nikamwambia kaka yangu alikuwa akichafuka kila siku, ni mwokaji. Aliyekuwa msafi ni yule mliyemzika nyinyi kwenye faili.

Nilipotoka nikamkuta Mama kwenye kiti cha korido, fimbo mapajani. Alikuja peke yake, na magoti yale. Nikamwuliza umefuata nini. "Nimekuja kuhakikisha hupotei njia," akasema. Kwenye ngazi alinishika mkono. Labda ni magoti.

Dada wa Hamira


18 Juni

Dada wa Hamira,

Kamati imetoa uamuzi leo asubuhi, nami sitaki uusikie redioni. Adhabu ya kifo imeondolewa. Atafungwa maisha. Katika maelezo yao wameandika kwamba dai la wizi halikusimama, na kwamba jamaa wa marehemu "hakutoa msamaha na hakuomba anyongwe." Waliongeza nafasi.

Siombi unishukuru wala unilaumu. Nililitaka hili na umelilipia wewe.

Mchapishaji amenirudishia mswada. Ameambatanisha kikaratasi kinachosema kitabu sasa hakina mwisho. Nimempata mwingine, mdogo, ana chumba kimoja na mashine inayopiga kelele, lakini anasoma anachochapisha. Kitabu nimekipindua. Sura ya kwanza ni Hamira, kabla hujasikia kwamba kuna dereva duniani. Ukurasa wa mwisho ni wake pia. Nakutumia chote. Msomee Mama ukiona inafaa.

Mwandishi


1 Julai

Mzee Mwandishi,

Niliona haifai, kwa hiyo sikumsomea. Siku ya tatu akaniambia, "Hayo makaratasi unayoficha chini ya chekeche, yasome kwa sauti. Mimi si kiziwi, nina magoti tu."

Nikasoma. Kwenye kufura kwa sifa alisugua goti moja. Kwenye korido alisugua la pili. Kwenye soksi akasema, "Ngoja. Soksi gani?" Nikamwambia umeandika ya kushoto. Akasema, "Zote mbili! Mwambie huyo mzee zote mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nafua."

Kisha nikafika kwenye mkate. Nikamwuliza niendelee? Akasema, "Umesimama kwa nini?" Nilipomaliza alipangusa meza ambayo haikuwa na kitu. Akasema, "Huyu ndiye. Mwongo mkubwa, na mkali, na hakunisikiliza nilipomwambia mwachie mtu heshima yake hata kama kakosa. Huyu ndiye mwanangu." Halafu akasema bado angependa yule anyongwe. Nikamwambia najua. Akanimiminia chai, akaisogeza mpaka mkononi.

Rekebisha soksi.

Jambo moja nalitaka, na hili siombi. Kwenye maneno yake yote kitabuni, kuanzia polisi hadi kwako, dereva anamwita kaka yangu "marehemu." Hakuna mahali amemtaja. Mpelekee sura ya kwanza. Asome na amjue aliyemuua. Kama angenyongwa, hilo lisingewezekana, na ndiyo sababu yangu ya pili ambayo sikuiambia Kamati.

Dada wa Hamira


16 Julai

Dada wa Hamira,

Soksi zimerekebishwa.

Nilimpelekea. Wameshamhamisha kutoka jengo la waliohukumiwa kifo, sasa anafanya kazi kwenye karakana ya viti. Askari aliruhusu akae mezani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye mkate hakuruka. Alirudi juu akausoma tena. Alipomaliza alizipanga karatasi zikalingana, akanirudishia, akasema jambo moja. Fupi.

Nimelisikia sawasawa. Sikuliandika, na kitabuni halimo wala halitaingia. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kukaa mbele ya mtu wa namna ile nikingoja jambo kama lile, na nilipolipata nilifunga kalamu. Ukurasa wa mwisho ni Hamira anaimba wimbo asioujua, kama nilivyokuahidi.

Lakini wewe si msomaji, wewe ni dada yake. Ukitaka kulijua, nitakuja nikuambie kwa mdomo.

Mwandishi


24 Julai

Mzee Mwandishi,

Usije kwa ajili hiyo. Lolote alilolisema, akae nalo. Ana muda.

Ukija kwa ajili ya mkate, karibu, ila njoo mapema. Dereva mpya anawahi na mikate hairudi. Mama ameshampa jina, na kwa kuwa limetoka kwa Mahakama ya Rufaa, hana pa kwenda.

Kitabu nimekimaliza chote, mpaka ule wimbo. Nimekigonga chini kwa vidole, nikakisikiliza.

Hakijaungua.

Meneja